Malaysia na Singapore kwa siku kumi: wakala alivyotuhudumia mimi, mama na mdogo wangu

Niseme mapema kwamba tikiti alizotukatia zilikuwa safi, na kwa tikiti tu ningerudi kwake kesho. Yaliyonifanya niandike ni hayo mengine.

Mimi ni fundi cherehani, niko Majengo, Mombasa, nashona madera na nguo za harusi. Mbali nilipokuwa nimefika kabla ya safari hii ni Tanga, nako nilipelekwa na arusi. Tulikwenda watatu: mimi, mama ambaye ana miaka 63, na mdogo wangu wa kike anayefanya kazi ya kutoa makontena bandarini. Pesa tulizikusanya miaka miwili kwenye chama, na zamu yangu ilipofika nikaona nikizila kwa vitambaa tena sitazijua zilikopita.

Ofisi ya wakala iko ghorofani, katikati ya mji. Kijana mchangamfu, akatuagizia soda, akatuwekea karatasi ya rangi mezani: Malaysia, Thailand na Singapore, miji mitano, siku tisa, shilingi 235,000 kwa kila mmoja. Mimi nishaanza kujiona niko Bangkok. Mdogo wangu, ambaye kutwa anasoma ratiba za meli, akachukua kalamu akaanza kupiga hesabu pembezoni mwa ile karatasi.

"Kaka, hapa twaingia saa tatu usiku, na saa kumi alfajiri twaondoka. Sasa mji tutautazama tukiwa tumelala?"

Kijana akacheka, lakini jibu hakuwa nalo. Ndiyo hesabu ambayo sikuwa nimeifikiria kabisa. Kila ukihama mji, nusu ya siku imekwenda: kufunga mizigo, kutoa chumba, kwenda kiwanjani, kusubiri, kushuka, kutafuta hoteli mpya. Na ukiwa na mtu mzima mwenye magoti yake, siku nzima. Isitoshe, Thailand ingetubidi kuomba viza kabla ya kuondoka, ilhali Malaysia na Singapore pasipoti ya Kenya inaingia bila viza kwa matembezi, mradi iwe na miezi sita mbele yake. Tukaifuta Thailand. Tukabaki na Kuala Lumpur siku nne, Melaka siku mbili, Singapore siku tatu, na siku moja ya njiani. Bei ikashuka kidogo, si sana.

Hapo kwenye tikiti kijana alionyesha kazi yake. Mimi nilidhani ukiingia Kuala Lumpur lazima utokee Kuala Lumpur, kama matatu ya kwenda na kurudi. Akatukatia ya kuingilia Kuala Lumpur na kutokea Singapore, tikiti moja, kutoka hapa hapa Mombasa kupitia Addis Ababa, bila kwenda Nairobi. Tukaokoa siku ya kurudi nyuma na nauli yake. Mizigo tuliiaga uwanja wa ndege wa Moi tukaikuta Kuala Lumpur. Kwa hilo nampa nyota zote.

Sasa chanjo. Ukitoka Kenya, nchi zote mbili zinataka cheti cha homa ya manjano, ile kadi ya njano. Wakala alitukumbusha zikiwa zimebaki siku nane. Nane! Cheti kinaanza kufanya kazi siku ya kumi baada ya kuchomwa, na kadi yenyewe inaandikwa tarehe. Halafu mama ameshapita miaka 60, na umri huo hawakuchomi hivi hivi, ni lazima daktari akuangalie kwanza. Tukasogeza safari kwa siku saba, tukalipa faini ya kubadilisha tikiti sisi wenyewe, na nilipouliza ni kosa la nani nikaambiwa, "Dada, hayo mambo kila msafiri anayajua." Msafiri gani? Mimi niliyefika Tanga? Jambo hili lingesemwa siku ile ya soda lisingegharimu hata senti, kwa sababu chanjo yenyewe sasa ni ya maisha, ungeweza kuchomwa hata mwaka kabla.

La pili lilinikera zaidi kwa sababu nililigundua tumesharudi. Kwenye risiti kulikuwa na "kadi za kuingilia", shilingi 3,500 kwa kila mtu kwa kila nchi. Watatu, nchi mbili, hiyo ni 21,000. Kadi hizo ni fomu za mtandaoni: Malaysia na Singapore kila moja ina yake, unajaza ndani ya siku tatu kabla ya kufika, na zote mbili ni za bure. Jina, namba ya pasipoti, ndege, hoteli, basi. Nimewahi kujaza fomu ndefu zaidi kuomba kijimkopo cha cherehani. Ningejua, mdogo wangu angezijaza zote kwa simu tukiwa barazani.

Safari yenyewe ilikuwa tamu, sitadanganya. Mama ndiye aliyefaidi kuliko sisi. Asubuhi ya kwanza aliletewa nasi lemak, akaonja, akanyamaza, akaonja tena. "Huu si wali wa nazi huu?" Ndio huo, ila wao wanautia na jani la pandan, na pembeni dagaa wa kukaanga, njugu na pilipili. Roti canai nayo ni chapati ya maji na ya kusukuma zimeoana. Wenyeji wakisalimiana wanasema "apa khabar", na mama akawa anawajibu "nzuri" bila wasiwasi, na hakuna aliyemshangaa. Sabuni kwao ni sabun, dunia ni dunia. Chakula cha halali hakikutusumbua hata siku moja. Melaka ilitukumbusha nyumbani: Mreno aliuteka mji huo mwaka 1511 akajenga ngome, na lango lililobaki linanuka chumvi na mawe ya zamani kama Fort Jesus, ambayo aliijenga kwetu miaka themanini na kitu baadaye. Mama aliligusa lile jiwe akasema, "Hawa watu hawakuwa na kwao?"

Kuingia Singapore tulikwenda kwa basi, na hapa wakala hakutueleza kitu. Upande wa Malaysia unashuka, unagongewa muhuri, unapanda. Unavuka daraja, unafika Woodlands, mpakani upande wa Singapore, unashuka tena na mizigo YOTE inapita kwenye mashine. Basi halisubiri wanaochelewa. Mdogo wangu alipiga picha namba ya basi, la sivyo tungezunguka kwenye yale mabasi kama tuko kituo cha Mwembe Tayari usiku wa kuamkia sikukuu. Jana yake alikuwa ameshampekua mama mkoba na kutoa tambuu yenye tumbaku, kwa sababu tumbaku ya kutafuna hairuhusiwi kuingia kule. Mama hakusema naye mpaka jioni.

Kilichomuudhi mama kupita tambuu ni muhuri. Singapore siku hizi hawagongi pasipoti, wanakutumia kibali kwa barua pepe. Yeye alishafungua ukurasa, ameushika kwa kidole, tayari. Afisa akamrudishia pasipoti, akatabasamu. "Na muhuri wangu?" Ikabidi nimweleze pale pale huku foleni ikisubiri kwamba muhuri wake umekwenda kwenye simu yangu.

Hoteli ya Singapore aliyotuchagulia wakala ilikuwa safi, ina maji ya moto, iko karibu na treni. Ila chumba hakikuwa na dirisha. Ukizima taa ni kaburi. Nilirudi mtandaoni kuangalia, nikakuta imeandikwa wazi kwamba vyumba vya bei hiyo havina madirisha, kwa hiyo hoteli haina kosa, mwenye kosa ni aliyesoma asitwambie. Na kule jua linachomoza karibu saa moja asubuhi, si saa kumi na mbili na kitu kama kwetu, basi mama alikuwa anaamka gizani, anauliza kumekucha, nasi hatuna pa kuchungulia.

Siku ya mwisho ilikuwa yangu peke yangu. Arab Street, duka baada ya duka la vitambaa, nikasahau miguu. Karibu yake uko msikiti wa Sultan, na chini ya kuba lake la dhahabu kuna ukanda mweusi unaometameta. Ukisogea unaona ni vitako vya chupa. Zilitolewa na watu maskini wakati wa ujenzi, ili nao wawe na mchango wao kwenye kuba. Nilisimama pale kuliko nilivyosimama popote.

Nimemwandikia wakala kuhusu zile 21,000. Amejibu kwa heshima kwamba ni "gharama za huduma", kisha akanitumia karatasi ya rangi ya Uturuki na Misri, miji sita, siku nane. Nimempelekea mdogo wangu. Ameshatafuta kalamu.