Uzoefu wangu: kununua nyumba na kuishi Lower Earley, nje ya mji wa Reading

Hukumu yangu kwanza: Lower Earley ni mahali pazuri pa kuishi, ila utaratibu wa kununua nyumba Uingereza ni mbovu. Anayeniuliza kama anunue hapa namwambia anunue, mradi ajue pesa huvujia wapi kabla ya mkataba kufungwa.

Kitongoji hiki kiko kusini-mashariki mwa Reading, Berkshire. Ujenzi ulianza mwishoni mwa miaka ya 1970 na kushika kasi miaka ya 1980, mashamba yakageuzwa makazi kwa mkupuo mmoja. Ndiyo maana nyumba zinafanana: matofali, ghorofa moja, bustani ndogo nyuma, gereji pembeni. Mitaa mingi haina njia ya kutokea upande wa pili, hivyo magari ya wapita njia hayaingii na watoto huendesha baiskeli nje bila wasiwasi. Anwani inasema Reading, lakini halmashauri ni ya Wokingham. Huko ndiko unakolipa kodi ya halmashauri na kuombea nafasi za shule. Usimwamini dalali anayesema nyumba "iko kwenye eneo la shule" fulani, yaani eneo ambalo wakazi wake hupewa kipaumbele shuleni hapo. Angalia ramani ya halmashauri kwa mwaka husika. Muulize pia daraja la kodi, kati ya A na H. Madaraja yamepangwa kwa thamani ya nyumba ya tarehe 1 Aprili 1991, kwa hiyo nyumba mbili za bei moja leo zinaweza kulipa viwango tofauti.

Usafiri ni mzuri kuliko watu wanavyodhani. Mabasi ya kwenda mjini hupita Chuo Kikuu cha Reading, na kutoka stesheni ya Reading treni ya haraka hufika London Paddington kwa takriban nusu saa. Stesheni ya Earley inakwenda London Waterloo, lakini safari ni zaidi ya saa moja, na stesheni yenyewe iko mbali na nyumba za upande wa kusini.

Kero kubwa ya huko kusini ni barabara kuu ya M4. Upepo wa nchi hii mara nyingi hutoka kusini-magharibi, nao huleta mngurumo moja kwa moja bustanini. Madalali hupenda kuonyesha nyumba adhuhuri, madirisha yamefungwa. Rudi mwenyewe asubuhi ya siku ya kazi, simama bustanini dakika kumi, kisha fungua dirisha la chumba cha kulala. Upande wa mto Loddon, angalia ramani za mafuriko za serikali, ambazo ni bure. Soma hatari ya mto na ya maji ya mvua yanayotuama kila moja peke yake.

Nyumba za umri huu zina magonjwa yanayojulikana. Gereji ni nyembamba kwa magari ya sasa. Beba tepu upime gari na mlango. Chumba cha tatu mara nyingi hakitoshi kitanda na kabati kwa pamoja. Dari zenye nakshi ya plasta zilizopakwa kabla ya mwaka 2000 zinaweza kuwa na asbesto, nyuzi za madini ambazo vumbi lake hudhuru mapafu. Hazina shida zikiachwa, shida ni kuzikwangua. Madirisha yaliyobadilishwa baada ya Aprili 2002 yanatakiwa kuwa na cheti cha kutimiza kanuni za ujenzi. Nyufa nazo zisomwe vizuri: ufa wa mshazari unaoanzia kona ya dirisha, mpana zaidi juu kuliko chini na unaozidi milimita 3, karibu na mti mkubwa, ni dalili kwamba huenda udongo wa mfinyanzi umekauka na msingi kushuka. Hapo usilipie ukaguzi wa nyumba wa daraja la 2, ambao ni wa kawaida, lipia la 3, ambao ni wa kina.

Unyevu ndio unaosumbua familia zetu zaidi, kwa sababu tunapika kwa mvuke mwingi na wakati wa baridi tunaanika nguo ndani. Bafuni, washa feni na ubandike karatasi ya chooni kwenye matundu yake. Isipong'ang'ania, feni haivuti, au bomba lake limeziba. Kisha sogeza kabati lililo kwenye ukuta wa nje na utazame nyuma. Rangi mpya kwenye kona moja tu ya chumba inanitia shaka kuliko ukungu wenyewe. Kwenye boila, mtambo wa kupasha maji na nyumba joto, mshale wa presha uwe kati ya bar 1 na 1.5 ikiwa imepoa; muulize mwenye nyumba ni mara ngapi huongeza maji. Akisema kila wiki, kuna mahali panavuja.

Sasa ushuru wa stempu, yaani kodi anayolipa mnunuzi wa nyumba, ambapo wengi wetu tulio na nyumba Afrika Mashariki hushtuka. Kwa viwango vya tangu 1 Aprili 2025, chukua nyumba ya pauni 425,000. Mnunuzi wa mara ya kwanza analipa 6,250. Wa kawaida analipa 11,250. Anayebaki na nyumba nyingine kwa kawaida analipa 32,500, kwa sababu huongezewa asilimia 5 ya bei yote. Na "nyumba nyingine" ni popote duniani. Nyumba ya Kigamboni au Nyali yenye thamani ya pauni 40,000 au zaidi inahesabika, na mume na mke wanaoishi pamoja huhesabiwa kama mtu mmoja. Nyumba ya Tanga yenye thamani ndogo kuliko hiyo haikuletei nyongeza, lakini inakuondolea nafuu ya mnunuzi wa mara ya kwanza, hata kama ni fungu lako la urithi. Kiwanja kitupu hakimo. Mwambie wakili ukweli wote mapema. Ni yeye anayejaza fomu, ila dhamana ni yako.

Wakili atataka pia kujua kila pauni imetoka wapi. Ikiwa uliuza kiwanja Kibaha, tafuta hati ya mauzo na taarifa ya benki inayoonyesha fedha zikiingia. Michango ya ndugu iliyokuja vipande vipande kwa simu itakuchelewesha. Afadhali kila mchangiaji atume mara moja kutoka benki, na aandike barua kwamba ni zawadi, si mkopo. Asiyetaka riba atapata benki za Kiislamu zinazonunua naye kwa ubia unaopungua, yaani mnunuzi hulipia fungu la benki kidogo kidogo mpaka nyumba iwe yake, na sheria inazuia ushuru usitozwe mara mbili. Lakini chaguo ni chache, na malipo ya awali mara nyingi ni makubwa zaidi.

Muuzaji akikubali bei, bado huna kitu. Mpaka mikataba ibadilishwe, yaani kila upande uupe mwingine nakala iliyosainiwa, anaweza kumkubalia mwingine aliyepanda dau, na gharama zako za ukaguzi na wakili zimekwenda. Sheria hii naiona si ya haki. Kinga iliyopo ni kuomba kwa maandishi nyumba iondolewe sokoni, na kuwa na ahadi ya mkopo tayari. Siku ya kubadilisha mikataba unalipa kwa kawaida asilimia 10, na ukijitoa unaipoteza. Bima ya jengo ianze siku hiyohiyo, maana kwa mikataba mingi hatari ya moto imeshakuwa yako ingawa funguo huna.

Kabla ya hapo soma masharti ya hati ya umiliki. Kwenye makazi ya namna hii mara nyingi hati hukataza uzio mbele ya nyumba au kuegesha gari la biashara. Kwa fleti, ambazo nyingi huuzwa kwa upangaji wa miaka mingi badala ya umiliki kamili, uliza imebaki miaka mingapi ya upangaji. Ikishuka chini ya 80, mabenki huanza kusita.

Ikija barua pepe kwamba akaunti ya wakili imebadilika, usitume hata senti. Piga namba uliyopewa ulipokutana naye. Siku ya funguo, piga picha mita za gesi, umeme na maji kabla ya kuingiza mzigo, kisha tafuta koki kuu ya maji, mara nyingi chini ya sinki la jikoni, uizungushe. Ikiwa imeganda, mwite fundi wiki hiyohiyo, bomba likiwa bado zima.