Kifurushi cha Kovu la Ini: Kipimo Kizuri, Karatasi Mbaya

Nina homa ya ini aina ya B, niliyoigundua siku nilipokwenda kuchangia damu, na tangu hapo kila baada ya miezi sita narudi kliniki na swali lile lile: je, virusi hivi vimeanza kuacha kovu? Zamani jibu lilitafutwa kwa sindano ya kunyofoa kipande cha ini lenyewe, jambo ambalo wagonjwa wengi hulikwepa, nami ni mmoja wao. Safari hii maabara moja ya binafsi hapa Mwanza iliniuzia kile ilichokiita "kifurushi cha kovu la ini", kinachotoa alama mbili za damu, APRI na FIB-4, na hicho ndicho ninachokitathmini.

Nianze na sifa, kwa kuwa aliyenitoa damu anazistahili. Alichoma mara moja tu, akajaza chupa mbili, ya kifuniko chekundu kwa ajili ya vimeng'enya vya ini na ya zambarau kwa ajili ya picha nzima ya damu, kisha akaigeuzageuza ile ya zambarau taratibu badala ya kuitikisa. Si jambo dogo, kwa maana damu isipochanganyika vizuri na dawa ya kuzuia kuganda, chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, hushikamana na mashine ikazihesabu pungufu, na chembe nyekundu zikipasuka, kimeng'enya cha AST huonekana kimepanda ilhali ini halihusiki. Aliniuliza pia kama jana yake nilikuwa nimebeba mizigo au kufanya mazoezi makali, kwa sababu AST hutoka hata kwenye misuli.

Karatasi ya majibu ndiyo iliyoniudhi. Ilikuwa na AST 48, ALT (kimeng'enya kingine cha ini) 52 na chembe sahani 160, na chini yake APRI 0.75 na FIB-4 1.75, kila moja ikiwa na neno "kawaida" pembeni. Nikatoa simu nikarudia hesabu. APRI ni AST yangu kugawanya kwa kiwango cha juu cha kawaida cha maabara, ambacho hapa ni 40, kisha kugawanya kwa chembe sahani na kuzidisha kwa 100. FIB-4 ni umri wangu wa miaka 42 mara AST, kugawanya kwa chembe sahani mara kipeuo cha pili cha ALT. Hesabu zilikuwa sahihi. Ila nilikuwa nimelipa bei ya vipimo viwili vilivyozoeleka, halafu nyongeza juu yake kwa kazi ambayo kikokotoo cha simu huifanya bure.

Kosa kubwa lilikuwa katika neno "kawaida". Maabara ilikuwa bado inatumia mpaka wa APRI wa 2, ambao Shirika la Afya Duniani liliupendekeza mwaka 2015 kwa ajili ya kutambua sirosisi, yaani kovu lililoenea ini zima, kwa wenye homa ya ini B. Mwongozo wa shirika hilo wa mwaka 2024 umeshusha mipaka: APRI ikizidi 0.5 kwa mtu mzima huhesabiwa kuwa dalili ya kovu la kutosha kuanzishiwa dawa, na ikizidi 1 ni dalili ya sirosisi. Kwa hiyo 0.75 ile ile iliyoandikwa "kawaida" ilitosha kunipeleka kwa daktari wiki hiyo hiyo. Nayo FIB-4 ya 1.75 imekaa katikati ya mipaka yake ya awali, 1.45 na 3.25, mahali ambapo alama hiyo haithibitishi kovu wala haiondoi shaka.

Daktari naye hakuikimbilia namba. "Kaka, ulikulia wapi?" aliuliza, nikamjibu Ukerewe, akatikisa kichwa. Ini lenye kovu huzuia damu inayotoka utumboni, wengu ukavimba na kuhodhi chembe sahani, ndiyo maana kupungua kwa chembe hizo katika damu kumeingizwa katika hesabu zote mbili. Lakini kichocho cha tumbo, ambacho sisi tuliooga ziwani tangu utotoni tunakijua, nacho huvimbisha wengu na kupandisha alama bila virusi kuwa na hatia yote. Malaria pia hushusha chembe hizo. Alinipima wengu kwa ultrasaundi, haukuwa umevimba, kisha akanituma kwenye fibroskani, mashine inayopima ugumu wa ini, ambayo ilisoma kilopaskali 8.1, juu ya mpaka wa 7. Nimeanza tenofovir, dawa ya kudhibiti virusi.

Vipo vipimo vya gharama zaidi, kama ELF ya Siemens Healthineers, inayopima vitu vitatu vinavyotokana na ujenzi wa kovu lenyewe na ambayo iliidhinishwa Marekani mwaka 2021, lakini haimo katika orodha ya maabara hii na sikuona pengo. Kwa mtu wa hali yangu APRI inatosha kuwa mlango wa kwanza. FIB-4 nisingemshauri kijana aliye chini ya miaka 35, kwani umri umo ndani ya hesabu na huipotosha, na kwa mzee aliyepita 65 nayo hupanda kwa miaka tu.

Kwa utoaji damu naipa maabara hii nyota tano, kwa karatasi yake mbili. Miezi sita ijayo nitarudi kwa mtoa damu yule yule, nitaagiza picha nzima ya damu, AST na ALT, na kifurushi nitawaachia wenyewe.