Ndoo ya Matone Uani: Tathmini Baada ya Kaskazi Nzima

Nilinunua seti ya umwagiliaji wa matone katikati ya Desemba, mvua za vuli zilipokwisha kukatika na joto la Dar es Salaam lilipoanza kulala ndani ya kuta za nyumba. Anayeishi huku pwani anaijua miezi hiyo bila kuelezwa: tangu Desemba hadi masika yanapokaribia, upepo ni wa kaskazi, mchana joto hufika nyuzi 32 na wakati mwingine kuzidi, usiku halishuki sana chini ya nyuzi 25, na unyevu wa hewa humtoa mtu jasho akiwa amekaa kitako. Bustani yangu ni matuta matatu yaliyo nyuma ya nyumba, kila moja likiwa na urefu wa mita tano na upana wa mita moja, kati ya ukuta wa jirani na mwembe mkongwe. Kila mwaka hunipa raha mpaka Novemba, kisha hugeuka kuwa deni la kulipwa kila jioni: nafika kutoka kazini saa moja usiku, nguo zimenigandama mwilini kwa msongamano wa daladala, na kabla sijavua viatu nakumbuka kwamba kuna ndoo nane za maji zinanisubiri nizibebe gizani.

Kwa hiyo kilichonipeleka Kariakoo ni uchovu zaidi kuliko uhaba wa maji, na ni vema msomaji alijue hilo mapema, kwa sababu hukumu yangu juu ya kifaa hiki imesimama hapo.

Seti hiyo ilinigharimu shilingi 70,000, ndoo ya lita 20 ikiwa ni yangu mwenyewe. Ndani ya mfuko kulikuwa na mita 30 za mpira mweusi wenye tundu kila baada ya sentimita 30, koki moja, chujio dogo la wavu, viungio na vizibo vya kufungia ncha. Kijana aliyeniuzia alinihakikishia, “Dada, ukishafunga hii, habari ya maji umeisahau.” Nitairudia kauli hiyo baadaye. Kwanza niseme kwamba raba inayokaa kati ya koki na ndoo haikuwemo, kwamba karatasi ya maelekezo haikuwa na hata sentensi moja ya Kiswahili, na kwamba niliporudi dukani kuuliza habari ya raba niliuziwa nyingine badala ya kupewa. Fedha ilikuwa ndogo, lakini nauli na nusu siku ya Jumamosi havikuwa vidogo. Anayenunua na afungue mfuko pale pale kaunta, ahesabu kila kipande mbele ya muuzaji.

Kufunga chenyewe si kazi ngumu. Nilitoboa ndoo karibu na kitako, nikaweka koki na chujio, nikaikalisha juu ya matofali ya saruji yaliyopangwa kufikia mita moja hivi kutoka ardhini, kisha nikakata mpira vipande sita vya mita tano na kulaza viwili viwili katika kila tuta. Urefu huo wa mita moja usidharauliwe. Mifumo ya matone ya mashamba makubwa husukumwa na pampu, na mipira mingi ya aina hii hutengenezwa kwa kukadiria mgandamizo wa takriban bar moja, ilhali maji yanayoshuka kutoka ndoo iliyo juu kwa mita moja yana sehemu moja tu ya kumi ya nguvu hiyo. Ndiyo maana mtu akiiweka ndoo juu ya kigoda, kama nilivyofanya siku ya kwanza, mimea iliyo mwisho wa tuta hubaki ikitazama wenzake wakinywa.

Nilitaka kujua tofauti hiyo ni kubwa kiasi gani, nikatega vikombe chini ya tundu la kwanza na la mwisho la mpira mmoja kwa dakika 20. Cha kwanza kilipata mililita 100, cha mwisho 70. Baada ya kusawazisha tuta kwa jembe na kuondoa mahali mpira ulipopanda kigongo, tofauti ilipungua, ingawa haikwisha. Ndoo moja humalizika kwa takriban dakika 45, na kwa kuwa matundu yote ni kama mia moja, kila shina hupata kadiri ya mililita 200. Kwa udongo wetu wa kichanga, unaoachia maji kama chekecho, ndoo moja kwa siku haikutosha. Nilitulia kwenye ndoo mbili alfajiri na mbili jioni, yaani nusu ya maji niliyokuwa nikimwaga kwa keni. Akiba hiyo ni ya kweli, na kwa yeyote anayenunua maji ya boza au anayeishi kwa ratiba ya mgao, itarudisha bei ya seti bila kuchelewa.

Tahadhari moja ya joto ambayo karatasi haikuitaja hata kwa picha: maji yaliyolala ndani ya mpira mweusi chini ya jua la saa saba mchana hutoka yakiwa ya moto kiasi cha kuushtua mkono. Nilifunika mipira yote kwa nyasi kavu na maganda ya mpunga, na matandazo hayo yakafanya kazi mbili, kwani udongo uliokuwa ukikauka kabla ya adhuhuri ulianza kubaki na ubaridi mpaka jioni.

Sasa mimea. Bamia, bilinganya na nyanya chungu zilikipokea kifaa hiki kama zilizotengenezewa: mashina yamekaa mbali mbali, kila moja likiwa na tundu lake, na majani hayaloi, jambo ambalo katika hewa yetu nzito hupunguza magonjwa ya ukungu. Pilipili nazo sina malalamiko. Mchicha ni habari nyingine kabisa. Sisi huusia kwa kumwaga mbegu tuta zima, na matone yanayodondoka kila sentimita 30 hutoa mstari wa kijani kando ya mpira na upara katikati. Anayelima mchicha na matembele pekee asipoteze fedha yake hapa. Keni yenye kichwa cha matundu itamfaa zaidi. Nyanya ziliota vizuri na kunenepa, kisha Februari zikaanza kupukutisha maua, lakini kosa hilo siwezi kuitwika seti, maana usiku usioshuka chini ya nyuzi 25 huzuia nyanya nyingi kutunga matunda hata zikinyweshwa namna gani. Nilizitandazia neti ya kivuli, nikapata matunda machache, nikaridhika.

Kasoro kubwa zaidi ilijitokeza wiki ya tano. Mtaa wetu hutegemea kisima maji ya bomba yanapokatika, na maji ya visima vingi vya huku yana chumvi na chokaa. Matundu yalianza kuota ukoko mweupe, baadhi yakaziba kabisa, na kwa kuwa mpira ulikuwa umefunikwa matandazo sikugundua mpaka mibilinganya miwili iliponywea. Dawa yake ni rahisi ukiijua. Nilifungua ncha za mipira na kuacha maji yasukume uchafu nje, kisha nikajaza ndoo kwa maji yaliyochanganywa na siki, nikayaacha ndani ya mipira usiku kucha na kuyasafisha asubuhi. Siki huyeyusha chokaa. Chumvi iliyokwisha kuingia ardhini haiigusi, na hiyo ilibidi niiondoe kwa kumwagilia maji mengi ya bomba kila yalipopatikana. Chujio nalo linahitaji kuoshwa kila wiki, kazi ya dakika mbili ambayo ni rahisi sana kuiahirisha.

Nirudi kwenye kauli ya muuzaji. Nilimwamini, na kwa wiki mbili za mwanzo nilifungua koki, nikaingia ndani, nikawasha feni na kulala. Maji nilikuwa nimeyasahau kweli, na bustani pia. Siku niliyopita uani kuanua nguo nikaona majani ya nyanya yamepauka kwa madoa madogo ya manjano, na upande wa chini kumetandwa uzi mwembamba kama wa buibui: utitiri, mdudu anayestawi katika joto na vumbi, ambaye zamani nilikuwa nikimwosha kila jioni kwa keni pasipo kujua. Majani makavu yanayozuia ukungu ndiyo hayo hayo yanayomlea utitiri. Kila mwenye kuhamia kwenye matone msimu wa kaskazi anapaswa kuambiwa hivyo kabla ya kutoa fedha, nami sikuambiwa na yeyote.

Ilinibidi kubadili utaratibu, na hapo ndipo seti ilipoanza kunipa nilichokuwa nikikitafuta. Siku hizi naamka saa kumi na moja alfajiri, muda ambao ni mmoja kati ya nyakati chache za Januari ambapo hewa inavutika. Najaza ndoo, nafungua koki, na katika dakika zile 45 sina mzigo wa kubeba. Nakaa kwenye kibao chini ya mwembe na kikombe cha chai ya mchaichai nilioukata hatua mbili kutoka hapo, huku adhana ikimalizika na kunguru wakianza ugomvi wao juu ya paa la jirani. Kisha nazunguka tuta kwa tuta: nageuza majani na kuyanyunyizia maji ya mwarobaini penye utitiri, natafuta vijia vyeupe vya kantangaze, kiwavi anayekula ndani ya majani, kwenye nyanya, nachuma bamia kabla hazijakomaa. Nikiusugua mrehani kwa bega la gauni, harufu yake hunifuata mpaka kituo cha daladala. Ndoo ya pili ikiisha ni saa kumi na mbili na nusu, nami natoka nyumbani nikiwa mtu mwingine kuliko yule wa Desemba aliyekuwa akigombana na kila mlango.

Sisemi kwamba mpira wa plastiki huleta utulivu. Nimekwisha kueleza wiki mbili ambazo haukuleta chochote isipokuwa wadudu. Ulichofanya ni kunipokonya ndoo mikononi, na mikono ikiwa huru, mtu hupata nafasi ya kuangalia.

Mama mkwe wangu, aliyekuja kutoka Tanga Januari kukaa nasi wiki tatu, aliitazama mitambo yangu kwa heshima ya mgeni, akasema, “Haya mwanangu, ni mazuri. Lakini mtungi hukuuona?” Siku ya pili alitafuta mtungi wa udongo usiopakwa rangi, wa lita tano hivi, akauzika kati ya mipilipili mpaka shingoni, akaujaza maji na kuufunika kwa kigae. Maji hupenya polepole kwenye vinyweleo vya udongo. Ardhi ikikauka hunyonya zaidi, ikilowa huacha. Wachina waliandika juu ya mbinu hiyo zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, ilhali umwagiliaji wa matone tunaoujua leo ulianza kuuzwa kibiashara Israeli katika miaka ya 1960. Mtungi wa mama hujazwa mara moja kila baada ya siku mbili au tatu, hauna koki ya kuvuja wala tundu la kuchunguza, na mipilipili iliyouzunguka haikunywea hata siku ile mipira ilipoziba. Hata hivyo huhudumia duara la hatua moja tu, na maji ya chokaa nayo huziba vinyweleo vyake taratibu. Kwa matuta matatu ningehitaji mitungi isiyopungua kumi, nami sina mgongo wa kuchimba mashimo kumi.

Nikiulizwa kama ningenunua seti hii tena, jibu ni ndiyo, ila ningetafuta yenye chujio kubwa zaidi, na ningetanguliza kuuliza iwapo vipuri vinauzwa kimoja kimoja, kwa kuwa kiungio kimoja kilichopasuka hakipaswi kumrudisha mtu kununua mfuko mzima. Ningekata mpira wa tuta la mchicha na kuupeleka kwenye bilinganya. Duka lile silirudii.

Masika yameanza wiki hii. Nimeisafisha mipira kwa siki kwa mara ya mwisho, nikaikunja na kuitundika stoo mahali panya hawafiki. Mtungi nimeuacha ardhini, na asubuhi ya leo nilipofunua kigae nilikuta chura mdogo ameketi shingoni mwake, naye hakuonyesha dalili ya kutaka kuhama.