Prosesa ya Efekti za Gitaa: Ipi Ainunue Mpigaji wa Nyanda za Juu Kusini, na Namna ya Kuifaidi

Mpiga gitaa wa Mbeya, Iringa au Njombe anayetaka kununua prosesa ya efekti, yaani kifaa kinachobadilisha sauti ya gitaa kwa kuiongezea mwangwi, marudio na kadhalika, anapaswa kujiuliza maswali mawili kabla ya kutazama idadi ya efekti iliyoandikwa kwenye boksi. La kwanza ni kama kifaa hicho kitaendelea kufanya kazi umeme ukikatika katikati ya ibada au harusi. La pili ni kama ataweza kukirekebisha kwa mikono yake, akiwa amesimama kando ya kwaya, bila kompyuta. Nimepiga gitaa kanisani na kwenye sherehe kwa miaka mingi, kuanzia Uyole hadi Tukuyu, na wapigaji wengi niliokutana nao wenye prosesa nzuri hutumia sauti mbili au tatu walizozikuta zimepangwa kiwandani, wakaziacha nyingine zote zilale. Kwa sababu hiyo nimevipanga vifaa vifuatavyo kwa kuangalia ni kipi mnunuzi atakifaidi zaidi katika mazingira yetu.

Nafasi ya kwanza naipa Zoom G1X Four. Hutumia betri nne za AA, na mtengenezaji anakadiria kwamba betri za alkalini zinaweza kuiendesha hadi saa 18. Vilevile hupokea umeme kwa njia ya USB, kwa hiyo pawabenki ya simu inatosha kuimaliza ibada yote pamoja na mazoezi ya jioni. Inaruhusu efekti tano kwa wakati mmoja, ina nafasi 50 za kuhifadhi sauti, tyuna ya kusawazishia nyuzi, midundo 68 ya kufanyia mazoezi, na lupa ya sekunde 30, yaani sehemu inayorekodi kipande ulichopiga na kukirudia. Herufi X ndiyo inayoonyesha kwamba ina pedali ya kukanyaga kwa ajili ya kiasi cha sauti na wawa (efekti inayolifanya gitaa lilie kama mdomo unaosema "wa-wa"). Ile iitwayo G1 Four haina pedali hiyo, na nakushauri uongeze fedha kidogo upate yenye pedali. Udhaifu wake upo: ina swichi mbili tu za mguu, na USB yake haiwezi kurekodia gitaa kwenye kompyuta. Hata hivyo, bei yake ni takriban nusu ya kifaa kinachoifuata hapa, na kwa kijana anayeanza kupiga solo kwenye kwaya sioni chaguo lililo bora zaidi.

Ya pili ni Boss GT-1, iliyotoka mwaka 2016. Nayo hutumia betri nne za AA, ingawa hudumu kwa takriban saa 7 tu. Ina efekti 108, nafasi 99 za kuhifadhi sauti zako mwenyewe, pedali ya kukanyaga, na swichi moja ambayo unaweza kuipangia kazi tofauti katika kila sauti, kwa mfano kuwasha distosheni (efekti ya sauti ya kukwaruza) wakati wa solo bila kubadili mpangilio mzima. USB yake hurekodi moja kwa moja kwenye kompyuta, jambo ambalo kwa mpigaji anayetengeneza nyimbo za kwaya studio ya nyumbani linatosha kuipandisha hadi nafasi ya kwanza. Nimeiweka ya pili kwa sababu ya bei na ya betri pekee.

Kabla ya kuendelea na orodha, niseme kwa urefu namna ya kuzifaidi prosesa hizi, kwa maana hapa ndipo fedha ya mnunuzi huokolewa au hupotea.

Jambo la kwanza ni sauti zinazopangwa kiwandani, ambazo hutengenezwa ili zivutie dukani mtu anapopiga peke yake. Zina mwangwi mwingi, dilei (marudio ya noti) ndefu na distosheni nzito, na ukiziingiza katikati ya kinanda, besi, ngoma na waimbaji 30, gitaa linazama. Anza na nafasi tupu, kisha ongeza efekti moja moja. Kwa sebene na mapambio yetu mengi mnyororo unaofaa ni mfupi: kompresa mwanzoni ili noti zote zilingane nguvu, ampu (amplifaya ya gitaa, hapa ile inayoigizwa na prosesa) yenye sauti safi, korasi nyepesi (efekti inayolifanya gitaa moja lisikike kama mawili), dilei, halafu mwangwi kidogo mwishoni. Distosheni ukiihitaji ikae kati ya kompresa na ampu. Dilei ikitangulia distosheni, marudio yote ya sauti yatasagwa pamoja na noti mpya na kuwa uji.

Muda wa dilei usiukisie. Gawanya 60,000 kwa kasi ya wimbo, yaani idadi ya mapigo kwa dakika, na utapata urefu wa pigo moja kwa milisekunde. Wimbo wa mapigo 120 una milisekunde 500 kwa kila pigo; nusu yake ni 250, na robo tatu yake ni 375, ambayo huipa sebene ile hali ya gitaa mbili zinazojibizana. Weka rudio moja au mawili tu, na sauti ya marudio iwe chini ya sauti halisi kiasi cha kuyahisi kuliko kuyasikia.

Jambo la pili ni kiigizo cha kabineti, yaani sehemu ya prosesa inayoigiza spika ya ampu ya gitaa. Ikiwa unachomeka kwenye miksa, kama inavyofanyika katika makanisa mengi ya kwetu yasiyo na ampu ya gitaa, kiigizo hicho lazima kiwe kimewashwa. Kikizimwa, distosheni italia kama nyuki ndani ya kopo. Ikiwa unachomeka kwenye ampu halisi ya gitaa, kizime, kwa sababu utakuwa na spika mbili zinazofuatana na sauti itafubaa. Nimewahi kuona ndugu wakiuza prosesa nzima kwa kudhani ni mbovu, ilhali tatizo lilikuwa hapo tu.

Jambo la tatu ni kiasi cha sauti. Sikio la binadamu husikia besi na sauti za juu vizuri zaidi pale sauti inapokuwa kubwa, kwa hiyo mpangilio uliotengenezwa kwa spika za masikioni usiku utakuwa na besi na ukali uliopitiliza ukumbini. Tengeneza sauti zako mahali utakapopigia na kwa nguvu ileile utakayoitumia. Mwombe fundi mitambo akufungulie kanisa nusu saa kabla ya mazoezi. Zilinganishe pia zote ziwe na nguvu sawa, isipokuwa ile ya solo ambayo izidi kidogo. Hakuna kinachomchosha fundi mitambo kama mpigaji ambaye kila akikanyaga swichi, miksa inaruka.

Kuhusu kelele, geti iliyomo ndani ya prosesa, yaani efekti inayozima sauti usipopiga, husaidia, lakini ukiikaza mno inakata mikia ya noti, na sebene inageuka kuwa vipande. Mvumo mzito na wa kudumu mara nyingi hutokana na soketi ya umeme isiyo na waya wa ardhi au waya mrefu wa gitaa ulio duni. Ukiwa mbali na miksa, tafuta diai boksi (kiboksi kinachoiwezesha sauti ya gitaa kusafiri mbali kwenye waya bila kelele) badala ya kuunganisha waya mbili.

Nikirudi kwenye orodha, nafasi ya tatu ni ya Boss ME-80 ya mwaka 2014, ambayo kwa sasa itapatikana zaidi kama kifaa kilichotumika. ME-90 ya mwaka 2023 ndiyo iliyoirithi. Ni kubwa, hutumia betri sita za AA, lakini kila efekti ina vitufe vyake vya kuzungusha juu kabisa, kwa hiyo hakuna haja ya kuingia kwenye kioo na kurasa zake. Kwa mzee wetu aliyezoea ampu ya zamani, ambaye hataki kusoma maandishi madogo gizani, hii ndiyo ningemnunulia.

Ya nne ni Line 6 HX Stomp. Kwa ubora wa sauti inazishinda zote zilizotangulia, na naikubali bila kusita. Ilipotoka mwaka 2018 iliuzwa Marekani kwa takriban dola 600, ina nafasi nane za efekti na ampu tangu programu yake ya ndani ilipoboreshwa, na inarekodi vizuri sana. Lakini haitumii betri, na adapta yake ni ya volti 9 yenye amperi 3, ambayo si rahisi kuipata dukani Mwanjelwa, hapa Mbeya, ikiharibika. Iwapo bendi yako ina jenereta au inveta ya kuaminika na unarekodi kila mwezi, inunue, vinginevyo subiri.

Ya mwisho ni zile za zamani za mtumba, mfano Zoom 505 ya miaka ya 1990. Zinafundisha, na hutumia betri moja ya volti 9, lakini sehemu za kugusia zimechakaa, na sauti zake za distosheni hazikai vizuri kwenye miksa za leo. Chukua tu kama unapewa.

Iwe mpya au ya mtumba, ijaribu kabla ya kulipa. Nenda na gitaa lako, waya wako, spika za masikioni na betri mpya. Fungua kifuniko cha betri uangalie kama kuna kutu ya kijani, tikisa jeki (tundu za kuchomekea waya) taratibu ukisikiliza mikwaruzo, kanyaga pedali mara kadhaa kutoka mwanzo hadi mwisho, na bonyeza kila swichi. Kwa vifaa vilivyotoka Marekani, soma maandishi ya adapta: ikiwa imeandikwa volti 120 pekee, usiichomeke kwenye umeme wetu wa volti 230, na kama imeandikwa 100 hadi 240, haina shida. Nyingi za prosesa hizi zinataka volti 9 zenye hasi katikati ya plagi. Adapta ya ruta ya intaneti huweza kuingia vizuri kabisa kwenye tundu, na mara nyingi chanya yake ndiyo iliyo katikati. Mimi mwenyewe nilipoteza prosesa yangu ya kwanza kwa kuazima adapta ya namna hiyo kwenye harusi Mbalizi, na fundi hakuweza kuifufua.

Ukiagiza kutoka Kariakoo kwa basi, safari hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800. Mwombe muuzaji aifunge ndani ya boksi lake, aitoe betri, na akutumie picha ya namba ya utambulisho ya kifaa kabla hakijapakiwa. Mwezi Juni na Julai, usiku unapokuwa wa baridi kali, usiiwashe mara tu unapoingia nayo kwenye ukumbi wenye joto la watu. Iache robo saa hadi unyevu ukauke. Kwa wenzetu wa Tukuyu, ambako mvua haina likizo ndefu, vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu vitieni kwenye mkoba wa prosesa, na mtoe betri kila mkimaliza kupiga.