Rendang ya Fuoni: chakula cha Idd nilichomwagizia mkwe wangu

Kijana wangu wa pili kaoa Malaysia. Alikwenda kusoma Gombak, karibu na Kuala Lumpur, akarudi na shahada na mke. Mke mwenyewe ni wa Kuala Pilah, jimbo la Negeri Sembilan, na huko kwao wanafuata ada inayoitwa adat perpatih: shamba na nyumba za ukoo hurithiwa na watoto wa kike, na mume ndiye anayehamia ukweni. Mkwe wangu kafanya kinyume cha ada yao. Kahama yeye, kavuka bahari kaja kukaa na sisi Kikwajuni, hapa Unguja. Kwa hiyo Idd yake ya mwanzo hapa niliiona ni deni langu. Chakula chetu anakula vizuri, na siku ya kwanza kuiona mbuzi yangu aliikalia akakuna nazi bila ya kufundishwa, maana kwao ipo kama hiyo hiyo, kibao chenye ulimi wa chuma, wanaiita kukuran. Lakini kumi la mwisho la Ramadhani nilimsikia usiku akizungumza na mama yake kwa simu, na neno moja lilikuwa linarudi: lemang, lemang, ule wali wao unaopikwa ndani ya mwanzi.

Nikaulizia. Nikaelekezwa kwa dada mmoja wa Fuoni anayepika vyakula vya Kimalei nyumbani kwake. Hana duka wala kibao. Aliishi Kuala Lumpur na mumewe miaka sita, akafundishwa na jirani zake wa huko, na sasa anachukua oda chache za Idd, hakiki na arusi ndogo ndogo. Jina lake na nambari yake sivitoi hapa, mwenyewe hapendi. Wateja wanaoletwa na mdomo wa watu wanamtosha.

Nilikwenda mwenyewe kuweka arbuni. Sikutuma mtoto wala sikupiga simu, kwa sababu mpishi namjua jikoni kwake. Nimepika shughuli za watu tangu msichana, arusi, hitima, futari za misikitini, na najua chakula kinavyoharibika mkononi mwa mtu mwenye haraka. Nilimkuta uwani, ana sufuria kubwa juu ya jiko la makaa, anakoroga oda ya mtu mwengine.

"Shikamoo mama, karibu. Moshi huo, pita upande huu."

Nikachungulia sufuriani nikashtuka. Tui limekatika. Mafuta yanaelea juu, chini kumebaki chembechembe. Sisi hapa mtoto wa kike akifundishwa mchuzi wa nazi, la kwanza anaambiwa asiuache mwiko mpaka tui lichemke, maana likikatika mchuzi umeharibika na mpishi kaumbuka mbele za watu.

"Mwanangu," nikamwambia, "tui limekukatikia."

"Nalitaka likatike, mama. Lisipokatika si rendang."

Akanieleza hiyo rendang, nyama yao ya kukaushwa ndani ya tui, na maelezo yake ndiyo yaliyonifanya nimwamini. Nyama ya ng'ombe hukatwa vipande vikubwa, ikatiwa sufuriani pamoja na viungo vilivyotwangwa: vitunguu, tangawizi, manjano mabichi, khulinjani, pilipili na mchaichai. Mchaichai sisi tunachukua majani tukatia kwenye chai. Wao wanachukua shina la chini, lile jeupe, wakaliponda. Halafu linamiminwa tui jingi, jepesi na kasimile pamoja, na sufuria haifunikwi. Maji ya tui yanakauka taratibu, nazi inatoa mafuta yake, na kuanzia hapo nyama haichemki tena, inakaangika ndani ya mafuta ya tui lile lile lililoiivisha. Ndiyo maana inataka saa tatu au nne za kusimama juu ya jiko. Ndiyo maana pia rendang iliyokauka sawasawa hukaa siku kadhaa bila ya kuharibika, na watu wa zamani waliweza kusafiri nayo.

Karibu na mwisho inatiwa kerisik. Hiyo ni nazi iliyokunwa, ikakaangwa kavu mpaka ikageuka rangi ya kahawa, kisha ikatwangwa ingali ya moto. Alikuwa nayo kwenye kinu kidogo, akaniachia mchi nimsaidie. Mwanzo ni unga mkavu, unarukaruka na kutoka nje ya kinu. Nikaendelea kutwanga. Baada ya mapigo kama thelathini mchi ukaanza kunata, unga ukalowa wenyewe bila ya tone la maji, ukawa ujiuji mweusi unaong'ara, na harufu yake ikanipanda kama kashata inapotaka kuungua. Miaka yote hii nakuna nazi na kuikamua na kutupa machicha, sikuwahi kujua kwamba nazi ina kitu hicho ndani yake.

Nikatoa arbuni pale pale. Tulikubaliana rendang ya kilo 2 za nyama, lemang 6, ketupat 30 na bakuli la sambal, ile pilipili yao ya kutwanga, jumla shilingi 160,000, nusu mbele na nusu siku ya kupokea. Si bei ndogo. Lakini ukihesabu nazi, makaa, mchele wa kunata ambao hapa haupatikani kirahisi, na saa alizosimama, sioni alipoongeza.

Sasa nizungumzie asubuhi ya Idd, kwa sababu hapo ndipo aliponiumiza. Alisema chakula kitafika saa mbili, tukirudi kuswali. Bahati Idd iliangukia siku moja huku na kwao, na mkwe wangu alikuwa ameahidiana na mama yake wale pamoja, kila mmoja na sahani yake, wakionana kwenye simu. Malaysia wako mbele yetu saa tano. Saa mbili ikapita, saa tatu ikapita. Bodaboda alifika saa nne kasorobo. Kule ilikuwa inakaribia saa tisa alasiri, wageni wameshajaa nyumbani kwa mama yake, maana kwao siku hiyo milango iko wazi, watu wanaingia na kutoka na watoto wanapewa vibahasha vya pesa kama hapa watoto wanavyopita kudai mkono wa Idd. Binti wa watu alikaa barazani na nguo zake mpya, anaangalia njia. Mpishi aliomba radhi kwa dhati, lakini mwenye kuchukua oda ya asubuhi ya Idd ajue kwamba saa nayo ni sehemu ya chakula.

Tulipofungua hotipoti, hamaki yangu ilipungua. Rendang ilikuwa nyeusi ya kuiva, kavu, kila kipande kimevaa viungo vyake, na nyama ikiachana nyuzi nyuzi kwa kuguswa na kidole. Nilionja mchaichai kwanza, halafu khulinjani, halafu ile nazi ya kutwangwa ikabaki ulimini kwa muda mrefu. Wanangu waliozoea mchuzi wa kumwagia wali waliuliza mchuzi wake uko wapi. Nikawaambia mchuzi umo ndani ya nyama.

Mkwe wangu alitia tonge mdomoni, akafumba macho, akakaa kimya. Nilingoja kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani. Akasema, "Mama, nzuri. Lakini hii ya Kuala Lumpur. Ya kwetu inawasha." Negeri Sembilan wanasifika kwa pilipili ndogo kali, cili api wanavyoziita, sawa na pilipili kichaa zetu, na rendang yao hutiwa kwa viganja. Hii ya Fuoni ilikuwa na utamu, dada ametia sukari guru badala ya ile sukari yao ya mnazi, na mkono wake wa pilipili ni mwoga. Mimi pia ningependa iwashe zaidi. Ukiagiza, mwambie mapema, wala usione haya.

Lemang ndiyo iliyomliza. Hiyo ni mchele wa kunata uliochanganywa na tui na chumvi, ukatiwa ndani ya kipande cha mwanzi kilichotandikwa jani la mgomba, kisha mianzi inasimamishwa pembeni ya moto na kugeuzwa geuzwa kwa masaa. Mume wake aliupasua mwanzi wa kwanza kwa panga, jani likachomoka limeukumbatia wali, na moshi wa mwanzi na harufu ya tui vikatoka pamoja vikaenea sebule nzima. Wali wenyewe umeshikana kama mkate, unakatwa kwa kisu, mwororo na wenye mafuta, na ukiula na ile rendang kavu unafahamu kwa nini havitenganishwi. Mianzi mitano ilikuwa hivyo. Wa sita kiini chake kilikuwa bado kibichi, punje zinatafunika. Nadhani ulikaa mbali na moto. Tulimpigia mpishi, akaturudishia pesa ya huo mmoja kabla hatujamwomba.

Ketupat sikuipenda, na sababu yake inahusu macho kuliko ulimi. Ketupat ni wali uliopikwa ndani ya kifuko kilichosukwa kwa makuti machanga ya mnazi, yale ya kileleni yenye rangi ya siagi. Mchele hutiwa chini kidogo ya nusu ili upate nafasi ya kuvimba, ukachemshwa masaa mpaka ukawa donge gumu. Dada wa Fuoni alizipika kwenye vifuko vya plastiki. Alijitetea kwamba hata Malaysia siku hizi zinauzwa hivyo madukani, na mkwe wangu akakiri ni kweli. Lakini Unguja, kisiwa cha minazi, kukosa kuti changa? Alasiri ile nilimtuma mtoto akatukatie, na mkwe wangu akakaa mkekani na wajukuu zangu wanne. Anachukua ukuti mmoja anauzungusha kwenye kiganja cha kushoto mara tatu, wa pili kiganja cha kulia, halafu viganja viwili vinasogezwa na nyuzi zinaanza kupitana, juu, chini, juu. Mara kifuko kimejifunga, chenye pembe na mikia miwili ya kuning'inizia. Mjukuu wangu mkubwa alikipata kwa mara ya tano. Tukavitundika mlangoni vikiwa vitupu, na kila aliyepita kutupa Idd aliuliza ni nini.

Sambal ilikuwa ya kawaida. Safi, ila ningeweza kuipika mwenyewe.

Sikukuu ya pili alituletea nasi lemak ambayo hatukuiagiza, kufuta lile kosa la saa. Ni wali wa nazi, jamaa wa wetu, unapikwa na jani la pandan, ukaliwa na dagaa wa kukaanga, karanga, tango, yai na sambal. Pandan ameiotesha ndani ya kopo mlangoni kwake. Ni ukoo mmoja na mkadi tunaotungia vikuba, lakini pandan harufu yake iko kwenye jani na inafanana na basmati mpya. Dagaa aliotumia ni dagaa mchele wa hapa hapa, wameiva mpaka wanavunjika. Mkwe wangu alisema dagaa hawa wanawashinda wa kwao, nikaona fahari kama niliwavua mimi.

Kwa jumla nampa alama nne katika tano. Rendang na lemang ni za mtu anayejua na hakimbii kazi. Ketupat usiagize mpaka atakapokubali kusuka. Weka oda wiki moja kabla, na kama una saa maalumu, tuma mtu wako akachukue mwenyewe.

Nimesahau jambo moja la asubuhi ile. Kabla hatujaanza kula, mkwe wangu alipiga magoti mbele yangu, akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili akaubusu, akasema kwa lugha yao: "Maaf zahir dan batin." Ndivyo wanavyoombana radhi siku ya Idd, mdogo kwa mkubwa. Hakuna aliyenifasiria. Dhahiri na batini, kila neno nilikuwa nalijua. Nikamwambia nimesamehe ya dhahiri na ya batini, na yeye anisamehe mimi.

Mwezi wa nane, Inshaallah, tunangoja mjukuu. Mkwe wangu anataka kila mgeni wa hakiki aondoke na yai la kuchemsha lililofungwa na ua, bunga telur, kama wafanyavyo kwao. Nimeshapeleka arbuni Fuoni: rendang ya kilo 6, lemang 20. Mianzi nitampelekea mimi, na pilipili kichaa nitazipima mwenyewe.