Nimelipuliza kombe la Mannar, na hili la pili nimepigwa

Subirini, kabla sijasema neno. Vuuuuu! Mmesikia? Jirani wa juu leo hanisalimii.

Wadau, haya makombe mawili, magamba ya konokono wa baharini, nimeyanunua kwenye duka la vifaa vya ibada ya Kihindu. Tuanze na hili jeupe. Watamil, watu wa kusini mwa India, wanaliita sangu. Kwenye mizani ya jikoni limegonga gramu 640, na uzito ndio sifa yake: ukuta ni mnene, ukilikata kwa msumeno unatoka na duara zima, bangili hiyo. Korkai, bandari ya wafalme wa Pandya kusini mwa India, wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta mabaki ya makombe kama haya, yamekatwa.

Konokono mwenyewe anaishi kwenye mchanga wa bahari ya Mannar, iliyo kati ya kusini mwa India na kisiwa cha Sri Lanka. Dhanushkodi, upande wa India, hadi Talaimannar, upande wa Sri Lanka, ni kama kilomita 30, karibu kuliko Dar na Unguja. Ila maji hapo ni ya kina kifupi, mafungu ya mchanga yamejipanga, chombo kikubwa hakipiti. Ndipo Mantai, bandari ya kale upande wa kisiwani, ikanenepa: mizigo inashushwa, inahamishiwa vyombo vidogo. Na msidhani ni lulu na vito tu. Pattinappalai, utenzi wa kale wa Kitamil, ukihesabu shehena zilizorundikwa bandari ya Kaveripattinam unataja chakula kutoka Eelam, yaani hicho hicho kisiwa. Watu walikuwa wanavushiana chakula! Halafu huko Mantai imechimbuliwa punje ya karafuu yenye zaidi ya miaka 900, na wakati huo karafuu ilitoka Maluku, visiwa vya Indonesia. Wapemba, tulieni, zamu yenu ilikuwa bado.

Haya, hili la pili. Muuzaji kaniapia ni valampuri, lile la nadra linalozunguka kinyume na wenzake. Nikalipa mara tano ya lile la kwanza. Sasa pimeni wenyewe: upande wa kupulizia uwe juu, mdomo wa kombe ukutazame. Mdomo ukiwa kulia, ni la kawaida. Ukiwa kushoto, moyo unaanza kudunda. Hili, kweli, uko kushoto. Lakini ingiza kidole ndani, papasa nguzo ya katikati. La Mannar lina mikunjo mitatu au minne, kidole kinaruka-ruka. Hili? Laini kama bakuli la udongo. Huyu ni konokono wa pwani ya Atlantiki, Marekani, na kwa aina yake kuzunguka hivyo ndiyo kawaida. Mannar hajawahi kuiona.

La kwanza nalipa alama nane kwa kumi. Mbili nimekata kwa sababu pa kupulizia pamekatwa ovyo, panachana midomo. Pitisha msasa kwanza. Hili la pili nawekea funguo.