Miwani ya uhalisia pepe, Bibi yangu wa Tukuyu, na Sungura aliyeondolewa Florida

Miezi kadhaa iliyopita nilinunua miwani ya uhalisia pepe katika duka moja la vifaa vya simu hapa Mbeya, upande wa Mwanjelwa, kwa shilingi 35,000. Si ile ya bei kubwa yenye kompyuta yake ndani. Ni kisanduku cha plastiki chenye lenzi mbili na mkanda wa mpira, ambacho unachomeka simu yako kwa mbele, unakivaa usoni, na video inaonekana kana kwamba umesimama ndani yake. Niliinunua kwa sababu moja tu. Kwa miaka mingi nimekuwa mfuatiliaji wa safari za kwenye viwanja vikubwa vya burudani vya Marekani, yaani zile ambazo mtu hupanda boti au kigari kikampitisha katika vyumba vyenye sanamu zinazojongea kwa mitambo, na kwa kuwa sijawahi kufika huko, nilitaka walau kuziona kwa ukaribu kuliko kioo cha simu kinavyoruhusu. Wapenzi wa safari hizi wamegawanyika vikali juu ya jambo moja: je, ni sawa kuziondoa safari za zamani ili kupisha safari za filamu zinazovuma? Nilitaka kupima mwenyewe, ya zamani na mpya iliyochukua nafasi yake, moja baada ya nyingine.

Kuhusu kifaa chenyewe, lenzi zake ni safi na zinasogezwa kulingana na macho ya mvaaji, jambo ambalo sikulitarajia kwa bei hiyo. Lawama yangu ipo kwenye mkanda, ambao ulilegea ndani ya wiki mbili hata miwani ikawa inateremka puani kila mtu anapoinamisha kichwa. Muuzaji alikataa kunibadilishia kwa maelezo kwamba mpira hauna dhamana, nami nikampelekea fundi cherehani, akanishonea mkanda mpana wa kitambaa ulio imara kuliko ule wa awali. Wakazi wenzangu wa nyanda hizi za juu wajue pia kwamba katika baridi ya Juni na Julai lenzi huingia ukungu kwa pumzi ya mvaaji, na dawa yake ni kuiweka miwani mahali penye joto kidogo kabla ya kuivaa. Simu hupata moto upesi. Video za pande zote, yaani zile zinazomruhusu mtazamaji kugeuka na kuangalia kila upande, hula bando vibaya, kwa hiyo mimi huzipakua usiku na kuzitazama siku inayofuata. Anayeivaa na aketi kwenye kiti chenye mgongo, maana boti inapoteremka kichwa huamini kwamba mwili nao unateremka, na mke wangu alipata kichefuchefu kilichomkalia hadi jioni.

Kuna upungufu mwingine ambao si kosa la miwani. Safari zilizofungwa kabla kamera za pande zote hazijawa za kawaida zimebaki katika video bapa tu, ambazo miwani huzionyesha kama skrini kubwa iliyo gizani. Ndivyo ilivyo kwa Maelstrom, safari ya boti iliyofunguliwa mwaka 1988 katika banda la Norwei kwenye kiwanja cha Epcot, Florida, na kufungwa Oktoba 2014. Humo abiria alipita kwenye kijiji cha mabaharia wa kale wa Norwei, akaingia msituni, akakutana na zimwi lenye vichwa vitatu lililoikasirikia boti na kuisukuma kinyumenyume, kisha akatokea kwenye bahari yenye dhoruba na mtambo wa kuchimba mafuta. Ilikuwa safari fupi yenye sanamu za kawaida, lakini ilikuwa na nia ya kumweleza mgeni habari za nchi iliyopo duniani, yenye ngano zake na kazi zake. Mwaka 2016 mfereji uleule ulifunguliwa upya ukiwa na Frozen Ever After, safari ya filamu ya Frozen ya mwaka 2013, ambayo nchi yake ni ya kubuni. Boti bado inarudi kinyumenyume palepale, ila sasa anayeisukuma ni malkia wa barafu anayeimba.

Mpwa wangu wa miaka tisa, ambaye ameitazama filamu hiyo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, aliivaa miwani akapiga kelele za furaha tangu mwanzo hadi mwisho. Nilipomwonyesha Maelstrom alinivumilia kwa heshima, kisha akasema, "Mjomba, hili zimwi nalo linaitwa nani?" Sikuwa na jibu, na sioni sababu ya kumbeza. Sura za filamu mpya ni nzuri mno, nyuso zinageuka na kutabasamu kama za watu hai, na mtoto anayemkuta mtu anayemfahamu hufurahi. Wenye viwanja wanalijua hilo. Filamu yenyewe iliingiza zaidi ya dola bilioni 1 katika kumbi za sinema duniani, na mwenye mali ya namna hiyo hawezi kuiacha ikae nje ya geti lake. Wanaopinga huzungumza kana kwamba hapa kuna fumbo, ilhali ni hesabu ya biashara ambayo hata mwenye genge anaielewa: weka mbele kile ambacho wateja wanakuja wakikiulizia.

Swali lililobaki kichwani mwangu lilikuwa la watu wa namna nyingine. Je, safari hizi zinamwambia nini mtu ambaye hajawahi kuona hata filamu moja kati ya hizo? Mtu huyo ninaye. Bibi yangu, mzaa mama, anaishi nje kidogo ya Tukuyu, amevuka miaka themanini, na sinema kwake ni kitu cha wajukuu. Mwezi wa saba nilimpelekea miwani. Baada ya shikamoo na habari za migomba iliyoangushwa na upepo, nilimweleza kwamba nataka apande boti za Wazungu akiwa amekaa kwenye kiti chake, kisha aniambie ameona nini. Alikubali kwa sharti kwamba nimshike mkono muda wote.

Nilianza na Pirates of the Caribbean ya Disneyland, California, iliyofunguliwa Machi 1967, miezi michache baada ya Walt Disney mwenyewe, mwanzilishi wa kampuni yenye viwanja hivi, kufariki. Safari hii haikutokana na filamu. Filamu ya mwaka 2003 ndiyo iliyotokana nayo, na mwaka 2006 mhusika wa filamu, Jack Sparrow, akaingizwa ndani ya safari. Bibi hakuhitaji maelezo. Aliona mapango yenye mifupa, akasema hawa waliibiana wakauana. Akauona mji unaowaka moto, akasema wezi wamelewa. Alipofika kwa wafungwa wanaomwita mbwa aliyebeba funguo mdomoni, wakimnyooshea mfupa kupitia nondo, alicheka hadi akaitoa miwani afute macho. Jack Sparrow, ambaye mashabiki wamebishania kwa miaka, alipita mbele yake mara tatu na Bibi hakumtaja hata mara moja. Kwake alikuwa mwizi mmojawapo.

Frozen Ever After ilikuwa kinyume chake. Bibi alisifu rangi na theluji, kisha maswali yakafululiza: huyu binti ni mtoto wa nani, kwa nini anaimba peke yake, amemkosea nani, na huyu mtu wa barafu mbona anacheka? Kila jibu lilikuwa ndani ya filamu ambayo hajaiona. Hapo nilianza kuona kile ambacho nilikuwa nakihisi bila kuweza kukisema. Tatizo la safari nyingi mpya si kwamba zimetoka kwenye filamu, bali kwamba zinamkumbusha mtu hadithi badala ya kumsimulia, na asiyekuwa na cha kukumbuka huachwa nje ingawa amekaa ndani ya boti.

Ndipo nikamwekea Splash Mountain ya Florida, ambayo kwa bahati nzuri ilirekodiwa kwa kamera za pande zote kabla haijafungwa Januari 2023. Abiria hukaa ndani ya mtumbwi wenye umbo la gogo, akapita vijitoni kati ya wanyama wanaoimba, akapandishwa kwa ukanda hadi juu ya mlima wa kuundwa, na mwisho akaporomoshwa mita zipatazo 16 ndani ya miiba. Kisa chake ni cha Sungura anayehama nyumbani kutafuta mambo, huku Mbweha na Dubu wakimwinda. Wanamkamata, naye anawasihi wamfanye chochote ila wasimtupe kwenye miiba, kumbe miibani ndiko alikozaliwa. Mtumbwi ulikuwa haujafika hata nusu ya safari Bibi aliponibana mkono akasema, "Huyu si Sungura wetu? Amefikaje huko?"

Nilimweleza amefikaje, na nilimweleza taratibu kwa sababu ni habari nzito. Waafrika waliopelekwa utumwani Marekani walikwenda na ngano zao, na ngano za mnyama mdogo mwenye hila zikaishi midomoni mwa vizazi vyao hadi mwandishi mmoja mzungu wa Georgia, Joel Chandler Harris, aliyezisikia kwa watumwa katika ujana wake, alipozichapisha kitabuni mwaka 1880. Disney ikazitumia katika filamu ya mwaka 1946, Song of the South, iliyolalamikiwa tangu ilipotoka kwa namna ilivyoyapamba maisha ya watu weusi kwenye mashamba ya mabwana wao, kiasi kwamba kampuni haikuwahi kuitoa kwa ajili ya kutazamwa majumbani nchini Marekani. Safari ikazaliwa California mwaka 1989, ikiwa na wanyama na nyimbo za filamu hiyo lakini bila watu wake. Juni 2020 kampuni ilitangaza kwamba itaibadilisha, na Juni 2024 ikafunguliwa Florida safari mpya ya Tiana, binti mfalme wa kwanza mweusi wa Disney, kutoka filamu ya mwaka 2009. Ya California ikafuata Novemba mwaka huohuo. Mfereji ni uleule, na poromoko ni lilelile.

Bibi alinisikiliza, kisha akauliza jambo ambalo sijalisikia kwa shabiki yeyote: "Na ulimbo uko wapi?" Katika ngano anayoijua yeye, wanyama wanachimba kisima, Sungura anakataa kuchimba na bado anakuja kuiba maji, na Kobe anajitolea kumnasa kwa kujipaka ulimbo mgongoni. Swali lake lilikuwa sahihi kabisa. Katika kitabu na katika filamu Sungura hunaswa na sanamu la lami, lakini jina la sanamu hilo lilikuwa limegeuka tusi kwa watu weusi, kwa hiyo waliobuni safari waliliondoa wakaweka mzinga wa nyuki na asali. Bibi aligundua pengo hilo akiwa Tukuyu, kwenye kiti cha mbao, bila mtu yeyote kumdokeza.

Safari ya Tiana nayo aliiona, na nisingependa kuifanyia hiana. Sanamu zake ni miongoni mwa bora nilizowahi kuziona, Tiana anageuza shingo na kuinua mkono kama mwenyeji anayekukaribisha kwake, na Bibi alimwitikia kwa kichwa, akasema, "Binti mzuri, ana adabu." Kisa chake ni kutafuta wanamuziki wa sherehe huko Louisiana, na hakuna adui hata mmoja, kwani yule mchawi wa kwenye filamu hayumo. Tulipofika kileleni, kabla ya kuporomoka, Bibi aliuliza nani anatufukuza. Hakuna anayetufukuza, nikamjibu. Akasema basi hakuna sababu ya kuruka. Katika ile ya zamani, ndege wawili walao mizoga walikaa juu ya mlima wakiwatisha abiria, na poromoko lilikuwa ndiyo hukumu ya Sungura na wokovu wake kwa wakati mmoja. Bibi alilifananisha na Kijungu cha Mto Kiwira, mahali ambapo maji huingia na mtu asijue yatatokea wapi.

Msimamo wangu ni huu, na najua utawaudhi wenzangu wa pande zote mbili. Filamu ile ilistahili kuwekwa kando, na binti mweusi kuwa mwenyeji wa mlima ule ni jambo linalonigusa kila ninapomwona mpwa wangu akimtazama. Lakini Sungura hakuwa mali ya filamu ile. Alikuwepo karne nyingi kabla yake, na kulikuwa na njia ya tatu ambayo sikuona ikijadiliwa kwa uzito: kumrudisha kwa wenyewe, kuisimulia safari upya kwa ngano za kwetu, pamoja na Fisi, Kobe na kisima. Wanaodai kwamba za zamani zisiguswe nao wakumbuke kwamba wengi wa wanyama wale wa California walitolewa kwenye onyesho la America Sings, lililofungwa mwaka 1988, wakahamishiwa mlimani. Kuhamishwa hakukuwadhuru, kwa sababu walipewa hadithi ya kusimulia. Kwenye Splash Mountain ya Tokyo, Sungura bado anaporomoka hadi leo.

Miwani ninaipendekeza kwa yeyote mwenye shauku kama yangu, kwa sharti la kubadilisha mkanda na kununua kitambaa laini cha kufutia lenzi. Aanze na Pirates, aishie na Splash Mountain, na amtafutie mzee wa kukaa naye.

Bibi aliporudisha miwani alisema "ndaga fijo", yaani asante sana kwa Kinyakyusa, akaomba tuongeze kuni, kisha akaanza kumsimulia mpwa wangu ngano ya kisima. Mtoto akaomba aoneshwe tena ile sehemu ya mzinga. Nilimrudishia video hapo, naye akawa anatazama huku Bibi akimweleza pembeni ni nani aliyepaswa kuwepo mahali pale: Kobe, mgongo umepakwa ulimbo, kimya kabisa ndani ya maji, akimsubiri Sungura.